Mji wa Kumpa Mtegaji: Historia ya Kutegua kwa Pamoja katika Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi wamekizoea kitendawili kikiwa sentensi. Hukiondoa mahali kilipotegwa, wakakiweka mezani peke yake na kukichambua: kina jazanda gani, kinafananisha nini na nini, mizani yake ni mingapi. Kazi hiyo ina manufaa yake, lakini inaliacha nje jambo kubwa. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" yaliyotokea katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Mkazo huo umetumika sana kwa ngano na tendi. Kwa kitendawili umetumika kidogo, labda kwa sababu kitendawili ni kifupi mno hata huonekana kinaweza kubebwa mkononi bila watu wake.

Makala haya yanakichunguza kitendawili upande huo uliosahauliwa. Eneo la uchunguzi ni Kisii na Nyamira, nchi ya Abagusii katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba historia ya kitendawili katika nchi hiyo ni historia ya watu wanaotegua pamoja: nani aliketi na nani, nani hakuruhusiwa kusikia, na aliyeshindwa alitoa nini. Mahali pa kutegua pamebadilika mara tatu, yaani kando ya moto, darasani na katika simu. Katika kila badiliko umetokea mpango mpya wa nani anahesabiwa kuwa mwenzake nani.

2.0 Moto wa nyanya na sheria ya haya

Mwenye kutaka kuelewa baraza la kwanza la vitendawili Gusii hana budi kuanza na neno chinsoni. Neno hili, ambalo umoja wake ni ensoni, lina maana ya haya, na ndilo jina la kanuni zilizotawala mwenendo kati ya vizazi. Philip Mayer, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940, na baada yake Robert na Barbara LeVine, ambao kitabu chao Nyansongo kilitoka mwaka 1966, walieleza jinsi kanuni hizo zilivyofanya kazi. Kati ya mzazi na mtoto palikuwa na mpaka. Yako mambo ambayo baba na mwana hawakuyataja mbele ya wenzao, na mpaka huo ulikuwa mkali zaidi kati ya mkwe na mkwe. Kati ya babu au nyanya na mjukuu, kwa upande mwingine, mpaka uliondoka. Hao walitaniana kwa uhuru, wakahesabiana kama watu wa rika moja.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa mhakiki. Kitendawili ni fani ya maneno yenye nyuso mbili. Msikilizaji huonyeshwa uso wa kwanza, ambao mara nyingi huelekea kwenye mwili, uzazi au kitanda, halafu huambiwa kuwa jibu ni mtungi, mwiko au jiwe la kusagia wimbi. Kicheko hutokana na mawazo ya msikilizaji kukamatwa yakiwa yameenda mbali. Katika jamii yenye chinsoni, kicheko cha namna hiyo hakiwezi kutokea mbele ya kila mtu, maana mwana hawezi kukamatwa mawazoni mbele ya baba yake. Hivyo nyumba ya nyanya ilifaa kuwa mahali pa kutegea vitendawili si kwa sababu tu wazee wana kumbukumbu nyingi, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Ilifaa kwa kuwa hapo ndipo sheria ya haya ililegea.

Hoja hii inabadilisha pia maana ya kutegua. Mara nyingi huelezwa kuwa vitendawili huwanoa watoto akili. Ni kweli, ila maelezo hayo yanamfanya kila mtoto aonekane kama kisu kinachonolewa peke yake. Kando ya moto, jibu lilitafutwa kwa sauti. Mmoja alikisia, wa pili akacheka kisio hilo, wa tatu akalirekebisha. Mtegaji naye alilazimika kulitetea jibu lake: kama wasikilizaji wangeona kwamba jibu lao linakaa vizuri kuliko lake, ubishi ulianza. Elimu iliyopatikana hapo ilikuwa ya kujua jinsi wenzako wanavyofikiri, na ya kujua ni kwa nani unaweza kusema nini.

3.0 Mji katika nchi isiyo na miji

Badiliko la pili lilikuja na shule pamoja na lugha ya Kiswahili. Waingereza waliivamia Gusii kwa silaha mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na kati ya mapigano hayo, mwaka 1907, walianzisha kituo cha serikali mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo chao Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato walijenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Kitabu kikaingia katika Ekegusii kwa jina la egetabu, k ya Kiswahili ikiwa imegeuka g mbele ya t, kama sheria ya matamshi ya lugha hiyo inavyotaka.

Pamoja na kitabu ilikuja kaida ya pwani ya kutega vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!" Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai mji; hupewa Mombasa, au Lamu, au mji mwingine wowote, naye akiridhika hutoa jibu. Kaida hii imezoeleka mno Afrika Mashariki hata haiulizwi asili yake, lakini imebeba historia ndani yake. Ni kaida ya watu ambao kwao mji ni mali, heshima na uungwana. Mshindwa analipa kwa kitu chenye thamani kuu katika dunia yake, ingawa analipa kwa maneno tu.

Abagusii hawakuwa na miji. Walikuwa na maboma yaliyotawanyika vilimani, kila boma katika ardhi ya ukoo wake. Mji wa kwanza kuota kati yao ulikuwa kile kituo cha serikali, na jina walilouita ni Bosongo, yaani kwa Abasongo, kwa wazungu. Kwa hiyo mtoto wa Gusii aliyejifunza darasani kusema "Chukua mji" alikuwa akitoa kitu ambacho hakikuwa chake. Mji wa karibu aliokuwa nao wa kumpa mwenzake ulikuwa umejengwa na mgeni juu ya ardhi ya wazee wake. Hakuna haja ya kudai kuwa watoto walilifikiria jambo hili. Yatosha kuonyesha kwamba kaida ya fasihi, ikihamishwa kutoka jamii moja hadi nyingine, huhama na ramani yake, na kwamba mhakiki anayesema "vitendawili vya Waafrika" kana kwamba ni kimoja huifuta ramani hiyo.

4.0 Kitendawili chenye majibu manne

Baada ya uhuru, wasomi walipigania nafasi ya fasihi simulizi. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kuwa fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, iwe kitovu cha masomo. Mapambano hayo yalifungua mlango ambao hatimaye ulifika hadi shule za vijijini. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa. Tangu hapo hadi mwaka 2023, mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho, maswali ya kutegua kitendawili yaliulizwa katika karatasi ya Kiswahili, yakiwa na majibu manne ya kuchagua.

Si haki kulibeza jambo hili. Mtihani ulikihifadhi kitendawili. Watoto wengi wa Kisii na Nyamira ambao nyumbani hawakutegewa hata kimoja walivijua vingi kwa ajili yake. Lakini yafaa kuangalia ni kitu gani kilichohifadhiwa. Chukua kitendawili kinachojulikana na kila mtoto: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu la kitabu ni yai. Mtoto anaweza kujibu kaburi, na jibu hilo lina maana: kaburi nalo ni nyumba, na kweli halina mlango. Kando ya moto jibu la namna hiyo lingeleta ukimya kidogo, kisha mabishano, na pengine mtegaji angekubali kuwa ametegwa yeye. Katika karatasi ya mtihani ni kosa, na alama imepotea.

Tofauti iliyo kubwa zaidi inahusu ujirani. Mtahiniwa huketi peke yake, dawati lake likiwa mbali na la mwenzake. Akimnong'onezea jirani jibu, huo ni wizi wa mtihani. Hivyo fani iliyokuwepo kwa sababu watu wanafikiri pamoja imeingia mahali ambapo kufikiri pamoja ni hatia. Maneno ya kitendawili hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni hadhira, na pamoja nayo fani yenyewe. Mhakiki anayechambua maneno peke yake hawezi kuliona badiliko hili.

5.0 Simu na kurudi kwa wenzi

Badiliko la tatu ni la juzi. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na katika miaka iliyofuata simu zenye intaneti zilienea hadi vijijini. Eneo lenyewe lilikuwa limejaa: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 katika kila kilomita ya mraba. Ardhi ikigawanywa vipande vidogo, vijana huondoka. Huenda Nairobi, Mombasa na hata ng'ambo. Jimbo la Minnesota, Marekani, lina jumuiya kubwa ya Abagusii. Kikundi cha marafiki waliosoma pamoja sasa hukutana katika WhatsApp. Anayetega kitendawili au chemshabongo saa mbili usiku akiwa Nyamira humfikia mwenzake wa Minneapolis karibu na adhuhuri.

Katika vikundi hivyo kutegua kwa pamoja kumerudi. Mmoja hukisia, wa pili hucheka, wa tatu hudai mji. Hata chinsoni imerudi kwa mlango wake: kikundi cha ukoo, chenye baba, wana na wakwe, hakiwezi kusema yale yanayosemwa katika kikundi cha marika, kwa hiyo watu hujigawa upya, kama walivyojigawa kwa nyumba zamani. Liko pia suala la sauti. Ekegusii ina irabu saba, lakini huandikwa kwa herufi tano za irabu, na toni zake haziandikwi. Mchezo wa maneno unaotegemea tofauti hizo hufa katika maandishi, bali ujumbe wa sauti huubeba mzima. Kwa namna hii simu imekuwa karibu na moto kuliko kitabu.

Lakini aliyepungua ni nyanya. Vikundi vya simu ni vya wenzi wa umri mmoja, na mara nyingi yeye hayumo. Marika wanaweza kupeana walichonacho tayari. Hawawezi kupeana wasichowahi kupewa. Vitendawili vinavyozunguka humo vingi ni vya Kiswahili, vilivyokaririwa shuleni, kwa kuwa ndivyo vinavyojulikana na wote. Vya Ekegusii vinahitaji mtu aliyewahi kuliona jiwe la kusagia wimbi likifanya kazi.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa kitendawili katika Kisii na Nyamira kimepita katika mabaraza matatu, na kwamba kila baraza lilikuwa na jibu lake kwa swali la nani ni mwenza katika kufikiri. Moto uliwaunganisha wajukuu na nyanya. Darasa lilimtenga kila mtu na jirani yake. Simu imewarudisha marafiki pamoja, ila imelikata lile daraja la vizazi mbadala ambalo chinsoni yenyewe ililiacha wazi.

Funzo kwa uhakiki ni kwamba kukusanya vitendawili na majibu yake ni nusu ya kazi. Mkusanyaji anapaswa kuandika pia waliokuwepo, waliotoka nje kabla ya kutega, makisio yaliyokataliwa na sababu za kukataliwa. Mkusanyo usio na hayo humwachia msomaji nyumba isiyo na mlango. Anaweza kuizunguka na kuisifu, lakini hatajua waliomo walikuwa wakicheka nini.