Mzinga wa kuchutama

Mzinga ni gogo lililochongwa wazi ndani nyuki waingie. Pia ni silaha ya chuma yenye umbo hilohilo. Taiaroa Head, New Zealand, upo mmoja wa inchi 6, uliotengenezwa na Armstrong mwaka 1886, enzi ya hofu ya manowari za Urusi. Umekaa shimoni. Ulipofyatuliwa, nguvu ya kurudi nyuma iliushusha chini ya ukingo na kubana hewa kwenye silinda. Askari waliujaza upya bila adui kuwaona, kisha hewa ileile iliuinua.

Waingereza wanauita mzinga wa kutoweka. Sikubaliani nao hata kidogo. Kitu kilichotoweka hakijulikani kilipo, na huu wapigaji wake waliushika kwa mikono. Huu unachutama: umeshuka, tayari kuinuka. Kitenzi tunacho, tukitumie.