Kapi za Kelvin na fumbo la kufikiri

Katika karne ya 19, Lord Kelvin alibuni mashine ya kutabiri kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Uzi mmoja ulipita kwenye safu ya kapi, kila kapi ikipanda na kushuka kwa mwendo wake kuwakilisha mvuto wa mwezi au wa jua, na mwishoni kalamu ikachora kimo cha maji ya siku zijazo. Mwaka 1943, mwanasaikolojia wa Cambridge, Kenneth Craik, aliitaja mashine hiyo katika kitabu chake The Nature of Explanation ili kutetea wazo zito: akili nayo hubeba mfano mdogo wa dunia, na kwa kuuendesha mfano huo mtu hutambua yatakayotokea kabla hayajamfika. Ndivyo mhandisi anavyojua daraja litahimili mzigo gani kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Craik hakupata muda wa kulithibitisha wazo lake. Alifariki kwa ajali ya baiskeli Mei 1945, vita vikiisha Ulaya, akiwa na miaka 31. Aliyelifufua ni mwanasaikolojia Philip Johnson-Laird, kwa kitabu chake Mental Models cha mwaka 1983. Tuseme mtu anajenga akilini mfano wa meza anayoelezwa: sahani iko kushoto mwa kikombe, na kijiko kiko kulia mwa kikombe; mpangilio unaowezekana ni mmoja tu. Lakini sahani na kijiko vyote vikiwa kushoto mwa kikombe, mipangilio inakuwa miwili. Mwaka 1989, yeye na Ruth Byrne walionyesha kwamba maelezo yanayoruhusu mipangilio miwili huwakosesha watu zaidi. Kama tungefikiri kwa kufuata kanuni za mantiki peke yake, idadi ya mipangilio isingekuwa na uzito huo.

Wapo wanaosema binadamu si mashine, na kwamba kuifanyia akili mfano ni kumshusha hadhi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kapi za Kelvin hazikuwa na tone la maji, wala hakuna aliyedai kuwa ni bahari. Zilifanana na bahari katika mwenendo tu, na hilo lilitosha. Wengine huuliza: ikiwa tunabeba mfano wa dunia, mbona tunakosea kila siku? Jibu ni kwamba mfano wetu ni mdogo, nao huelemewa mambo yanapokuwa mengi. Makosa yetu hayalipingi wazo la Craik; ndiyo ushahidi wake mkubwa.