Kijito cha mzunguko

Mwambie mtu wa kartiye ya Ngezi, hapa Bunia, kwamba unataka kumjengea "fontaine" uwanjani. Atakachowaza kwanza ni borne-fontaine, lile bomba la mtaa ambako akina mama hupanga foleni na bidoni zao. Neno hilo la Kifaransa tayari lina kazi yake. Kamusi zinatupa "chemchemi", lakini chemchemi halisi hububujika yenyewe kutoka ardhini, na maji ya pambo hili la bustani yanasukumwa na mtambo.

Mimi nashika "kijito cha mzunguko", kwa sababu mzunguko ndio roho ya kitu chenyewe. Birika la pembe nane la kasri la Husuni Kubwa, kule Kilwa, lililojengwa karne ya 14, liliwekwa maji ya kutulia. Falaji za Oman, yaani mifereji ya maji, ambazo tano kati yake UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, hutiririka kwa mteremko, zikanywesha mitende na kwenda zake. Kijito chetu hurudi kilikotoka: chini kuna dimbwi lililotandikwa nailoni nzito, ndani yake pampu, na mpira unaopandisha maji hadi juu, yateremke tena juu ya mawe.

Kazi nyingi huharibikia kwenye dimbwi. Pampu ikiwashwa, maji mengi huhamia kijitoni. Dimbwi likiwa dogo hukauka, pampu inavuta hewa na kuungua. Umeme ukikatika, maji yote yaliyokuwa njiani hushuka kwa pamoja, na yasipopata nafasi yanafurika uwanjani. Basi dimbwi liwe pana kuliko macho yanavyotaka. Kingo za nailoni nazo zipande juu ya usawa wa maji kabla ya kufunikwa kwa mawe, la sivyo maji yatatorokea udongoni pasipo mtu kuona.

Kuna na mbu. Hutaga penye maji yaliyotulia, na kwenye joto yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili. Mzunguko ukisimama siku kadhaa, dimbwi limwagwe au litiwe samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Asiyeweza kuendesha pampu kila siku, hata kwa paneli ya jua, asichimbe, apande maua. Na anayechimba, namsihi ajaze kwa maji ya mvua kutoka kwenye mabati yake, aliache bomba la mtaa kwa wenye bidoni.