Pikipiki ya zamani inavuja petroli? Tafuta chanzo kabla hujanunua kabureta mpya

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wanakichukulia poa: pikipiki kuvuja petroli. Mfano wangu ni Honda CG125, kwa sababu tangu ilipotoka mwaka 1976 imekuwa mashine ya kazi kweli kweli, na nakala zake za Kichina zimejaa mitaani kwetu zikibeba abiria na magunia. Mfumo wake ni rahisi. Hakuna pampu. Tangi liko juu, kabureta iko chini, petroli inashuka yenyewe kupitia koki na mpira. Ndiyo maana ikianza kuvuja haisubiri uwashe injini, inavuja hata wewe ukiwa umelala.

Piga hesabu ndogo tu: tone moja kila sekunde, usiku mzima, asubuhi imeshaondoka zaidi ya nusu lita. Na hiyo ndiyo hasara nafuu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni. Kama unaingiza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi, mvuke huo unaweza kufika kwenye jiko la mkaa chumba cha pili kabla hujastuka. Kwa hiyo kazi hii fanyia nje, injini ikiwa imepoa, sigara mbali, na ndoo ya mchanga karibu. Moto wa petroli haumwagiwi maji, jamani, yanausambaza tu.

Mafundi wa haraka haraka wakiona pameloa chini ya kabureta wanabadilisha gasketi, unalipa, kesho kutwa unarudi palepale. Petroli inatiririka, kwa hiyo unapoliona tone sipo lilipoanzia. Futa kila kitu kwa kitambaa kikavu kuanzia tangi hadi chini ya kabureta. Funga koki, subiri dakika kumi, tazama. Halafu fungua koki bila kuwasha injini, tazama tena ukianzia juu kushuka chini. Kama huoni vizuri pakaza unga wa chaki, petroli itajichorea njia yenyewe.

Ikivuja huku koki imefungwa, shida kwa kawaida iko juu: tangi, au pale koki inapoungana na tangi. Ikivuja koki ikifunguliwa tu, ni mpira au kabureta. Ila koki ya zamani nayo ni mwongo, inasema imefunga kumbe inapitisha. Ipime hivi: chomoa mpira upande wa kabureta, utumbukize kwenye chupa, funga koki, kaa dakika kumi. Chupa ikipata kitu, raba ya ndani imekwisha. Koki nyingine zinafunguka kwa skrubu mbili, unaweka raba mpya. Nyingine zimegongewa ribiti, hizo usihangaike nazo, nunua mpya.

Mpira ni kazi ya dakika tano. Unapasuka pale mwishoni penye klipu, kwa hiyo ukunje kwa vidole uone nyufa. Nenda dukani na kipande cha zamani upate saizi ileile, na uombe mpira wa petroli hasa. Mpira wa maji ule wa kuonyesha ndani unapendeza siku ya kwanza, baadaye unakauka kama kijiti na kuchomoka.

Sasa tuje kwenye kabureta, hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Ndani ya bakuli la chini kuna boya, mafundi wanaliita floti. Petroli ikijaa, floti inapanda na kusukuma sindano ndogo inayoziba tundu la kuingizia. Sindano isipoziba, petroli inazidi na kutokea kwenye kimpira cha kumwagia cha bakuli. Kwa hiyo tone likitokea kwenye kimpira hicho, gasketi haina kosa, ni sindano au floti. Tone likitokea kwenye mstari wa kuungia bakuli, hapo gasketi inahusika.

Kabla ya kufungua, gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingine ni kipande cha kutu kutoka tangini kimekwama kwenye sindano, kikiachia mambo yanatulia. Ikirudi, funga koki, mwaga petroli ya bakuli, lifungue. Tikisa floti sikioni. Ukisikia petroli ndani, imetoboka. Kama huna uhakika, ioshe, ikaushe, kisha nenda mbali na pikipiki uitumbukize kwenye maji ya moto: mapovu yatakuonyesha tundu. Halafu tazama ncha ya sindano. Ikiwa na mfereji kuizunguka, imeliwa, weka mpya. Kiti chake kisafishe kwa pamba kwenye njiti, usikiguse kwa msasa. Na weka chujio kwenye mpira, la sivyo kutu ileile itarudi.

Kuna hali moja isiyosubiri wikendi. Kama kimpira cha kumwagia kimeziba, petroli inaingia kwenye silinda na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, nusa. Ikinuka petroli, au kipimo kimepanda bila wewe kuongeza, usiwashe kabisa. Oili hiyo imekuwa maji, itakula injini. Rekebisha uvujaji kwanza, ndipo umwage oili na kuweka mpya. Na kiki ikigoma kushuka usiilazimishe, silinda inaweza kuwa imejaa. Funga koki, chomoa plagi, zima swichi, weka waya wa plagi mbali na tundu, ndipo upige kiki taratibu petroli itoke.

Tangi lenyewe hutoboka kwa kutu, hasa sehemu za chini zinazokaa na maji. Ile mbinu ya kusugulia sabuni ya mche kwenye tundu dogo inafanya kazi kweli, kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye petroli, lakini ni ya kukufikisha nyumbani tu. Mvua ikinyesha imeondoka. Kuchomelea ndiyo hatari zaidi: tangi tupu lenye mvuke linalipuka vibaya kuliko lililojaa. Kulikausha juani siku moja hakutoshi. Mpe fundi anayejua kuondoa mvuke wote kabla ya kuwasha moto, akisema "hakuna neno, leta tu" ondoka na tangi lako.

Mwenye tatizo aandike hapo chini kwenye maoni: aina ya pikipiki, tone linatokea wapi, na je, koki ikifungwa linakata au haliachi?