Mavi huwa samadi lini?

Kiswahili kina mavi, kina samadi, na wengi wetu tunayachanganya maneno haya. Mavi ni yale ng'ombe aliyoyaacha. Samadi ni mavi yanayorutubisha udongo. Je, malishoni, ambako hakuna jembe wala toroli, nani huyageuza? Ni dundu, yule mdudu mweusi anayesukuma donge kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Hulizika, jike hutaga yai humo, na buu akianguliwa hula humo humo. Naitrojeni hubaki karibu na mizizi badala ya kupotea hewani, na mvua hupata njia ya kuingia.

Waaustralia walimjua kwa kumkosa. Ng'ombe walifika kwao mwaka 1788 na meli za Waingereza. Madundu wa kule walizoea vinyesi vikavu vya kangaruu. Bonge bichi la ng'ombe likawashinda. Mavi yakakaukia juu ya nyasi, nzi wakazaliana, na malisho yakapungua kwani ng'ombe hapendi nyasi zilizo kando ya mavi. George Bornemissza, mzaliwa wa Hungaria, akashikilia kuwa dawa iko Afrika. Mradi ulianza miaka ya 1960 ukadumu takriban miaka 20, ukiwa na kituo Pretoria. Kwa kuogopa magonjwa ya mifugo, walisafirisha mayai, yakaoshwa kwa dawa, kila moja likatiwa katika donge lililofinyangwa kwa mkono. Hebu fikiria, binadamu kumwiga dundu!

Sisi tunao bure. Huko Tsavo, Anderson na Coe waliandika mwaka 1974 kwamba madundu wapatao 16,000 walimaliza kilo moja unusu ya mavi ya ndovu kwa saa mbili.

Kabianga si Tsavo, najua. Malisho ya Wakipsigis yalipungua mashamba makubwa ya majani chai yalipoenea tangu miaka ya 1920, na leo ng'ombe wengi hufungwa kwenye vipande vidogo. Hapo ndipo dawa ya minyoo inaponitia wasiwasi. Ivamektini, iliyoingia sokoni mwaka 1981, hutoka na mavi ikiwa bado na nguvu ya kuua mabuu ya dundu. Simwambii mtu aache kutibu ng'ombe wake. Ila anayewatibu wote siku moja, wakati mvua imewatoa madundu ardhini, alipindue bonge la wiki iliyopita kwa kijiti. Akikuta matundu na udongo mlegevu, hiyo ni samadi. Likiwa gumu kama kigae, bado ni mavi.