Vita vya Iraq vilivyompunguzia Blair kura bila kumwangusha

Tony Blair aliingia katika uchaguzi mkuu wa Uingereza wa Mei 5, 2005 akiwa amebeba mzigo wa vita ambavyo wananchi wengi wa nchi hiyo hawakuvitaka. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya kuivamia Iraq hazikuwa zimepatikana. Wiki moja kabla ya siku ya kupiga kura, serikali ililazimika kuchapisha ushauri wa Mwanasheria Mkuu wake, Lord Goldsmith, uliokuwa na mashaka kuhusu uhalali wa kuingia vitani bila azimio jipya la Umoja wa Mataifa.

Pamoja na hayo yote Blair alishinda, tena kwa mara ya tatu mfululizo.

Wapo waliohitimisha kwamba vita vinavyopiganwa mbali havibadilishi kura. Hesabu zinasema vingine. Chama cha Labour kilishuka kutoka asilimia 40.7 ya kura mwaka 2001 hadi asilimia 35.2, kikipoteza zaidi ya kura milioni moja. Wingi wake bungeni ulipungua kutoka viti 167 hadi 66. Haikuwa Iraq pekee iliyosababisha hayo, kwani wanafunzi na wazazi wao walikuwa na hasira pia kuhusu ongezeko la ada za vyuo vikuu. Lakini vita ndivyo vilivyovunja imani ya wengi kwa Blair mwenyewe.

Swali la msingi ni wapi kura hizo zilikwenda. Kwa kawaida, mpiga kura aliyekasirishwa na serikali hukimbilia chama kikuu cha upinzani. Uingereza njia hiyo ilikuwa imefungwa. Bunge lilipoidhinisha vita Machi 18, 2003 kwa kura 412 dhidi ya 149, wabunge wa Conservative, chini ya Iain Duncan Smith, walikuwa wameiunga mkono serikali. Miongoni mwa wabunge wa Labour wenyewe, 139 walipiga kura ya kuasi siku hiyo, na Robin Cook, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa amejiuzulu uwaziri siku moja kabla.

Hivyo Michael Howard, aliyewaongoza Conservative mwaka 2005, alipomtuhumu Blair kuwa alisema uongo kuhusu Iraq, mpiga kura aliweza kumuuliza chama chake kilikuwa wapi. Kura za Conservative zilipanda kwa chini ya asilimia moja, hadi 32.4.

Chama pekee kati ya vitatu vikubwa kilichopinga vita kilikuwa Liberal Democrats. Kiongozi wake, Charles Kennedy, alihutubia maandamano makubwa ya Februari 15, 2003 jijini London, ambayo polisi walikadiria kuwa na watu 750,000 na waandaaji wakadai walikaribia milioni mbili. Matunda yalianza kuonekana Septemba mwaka huo katika uchaguzi mdogo wa Brent East, kaskazini magharibi mwa London. Labour ilikuwa imelichukua jimbo hilo mwaka 2001 kwa tofauti ya kura zaidi ya 13,000. Sarah Teather wa Liberal Democrats alilinyakua.

Julai 2004 ikafuata Leicester South, katika mji uliopokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wenye Waislamu wengi. Parmjit Singh Gill alishinda kwa tiketi ya chama hicho hicho. Siku hiyo hiyo, Labour iliponea chupuchupu katika jimbo la Hodge Hill, Birmingham, kwa kura 460 tu.

Katika uchaguzi mkuu wenyewe, Liberal Democrats walipata asilimia 22 ya kura, lakini viti 62 tu kati ya 646. Mfumo wa Uingereza, ambao nchi kama Tanzania na Kenya ziliurithi katika kuchagua wabunge wa majimbo, humpa ushindi mwenye kura nyingi kuliko wenzake hata asipofikia nusu. Hasira iliyotawanyika nchi nzima haileti viti. Huleta viti pale tu ilipokusanyika, na ndiyo maana waliibuka kidedea katika majimbo yenye wanafunzi wengi kama Cambridge, Cardiff Central na Manchester Withington. Leicester South ilirudi Labour.

Mfano mkali zaidi ulikuwa Bethnal Green and Bow, mashariki mwa London, makazi ya Wabangladeshi wengi. Oona King wa Labour alikuwa ameunga mkono vita. Alikuwa akilinda ushindi wa kura 10,057. George Galloway, aliyefukuzwa Labour mwaka 2003 kwa matamshi yake kuhusu vita, alisimama kwa tiketi ya chama kichanga cha Respect na kumbwaga kwa kura 823.

Katika jimbo la Blair mwenyewe, Sedgefield, alisimama mgombea binafsi Reg Keys, ambaye mwanawe askari aliuawa Iraq. Alipata kura zaidi ya 4,000. Blair alishinda bila taabu, lakini ilimlazimu kusimama jukwaani akimsikiliza baba huyo akihutubia mbele ya kamera za televisheni.

Hispania ilikuwa na kitu ambacho Waingereza hawakuwa nacho: chama kikuu cha upinzani kilichopinga vita tangu mwanzo. Hata hivyo, katika chaguzi za mitaa za Mei 2003 chama tawala cha PP hakikuporomoka, ingawa wananchi takriban tisa kati ya kumi walipinga vita. Kilianguka Machi 14, 2004, siku tatu baada ya mabomu ya Madrid kuua watu zaidi ya 190, huku serikali ya José María Aznar ikiendelea kuwanyooshea kidole ETA. Waliojitokeza kupiga kura waliongezeka kutoka asilimia 69 mwaka 2000 hadi 76. José Luis Rodríguez Zapatero aliingia madarakani na kuwaondoa askari wake Iraq kama alivyoahidi.

Marekani mambo yalichelewa. John Kerry, aliyeshindana na George W. Bush mwaka 2004, alikuwa amepigia kura idhini ya vita mwaka 2002, na alihangaika kueleza tofauti yake na mpinzani wake. Democratic walilitwaa Bunge miaka miwili baadaye, Iraq ilipokuwa ikiungua.

Uingereza, hali kama ya 2005 ilijirudia Julai 4, 2024, safari hii chanzo kikiwa Gaza. Labour ya Keir Starmer ilipata ushindi mkubwa wa viti 411, lakini ilipoteza majimbo manne yenye Waislamu wengi kwa wagombea binafsi waliopinga msimamo wake kuhusu vita hivyo. Mojawapo lilikuwa Leicester South, ambako Jonathan Ashworth, aliyetarajiwa kuingia baraza la mawaziri, alishindwa na Shockat Adam kwa kura 979.