Kasri Lililotawaliwa kwa Mikono

Wageni wa Ulaya waliokwenda kumwamkia Sultani wa Waturuki katika kasri la Topkapı, Istanbul, walirudi wakisimulia ukimya wake. Askari na watumishi walijipanga uani kwa mamia, wala hakuna aliyethubutu kukohoa. Kila lango lililovukwa kuelekea ua wa tatu, makao ya Sultani mwenyewe, lilizidi kupunguza sauti. Mbele yake hata kunong'ona kulihesabiwa utovu wa adabu.

Lakini mambo ya kasri hayawezi kungoja. Maji yaletwe, mlango ufungwe, waziri aarifiwe kwamba leo bwana mkubwa kaamka vibaya. Yote hayo yasemwe vipi bila kufungua kinywa? Jawabu walikuwa nalo viziwi.

Miongoni mwa watumishi wa ndani kulikuwa na kundi la viziwi. Mwingereza Paul Rycaut, aliyeishi Istanbul katika miaka ya 1660, aliwakadiria kuwa kama 40. Usiku walilala katika mabweni ya vijana waliolelewa kasrini; mchana walikusanyika mbele ya msikiti wa vijana hao, wakubwa wakiwafunza wadogo ishara. Walipigiana hadithi, wakaelezana mambo ya dini na mafundisho ya Kurani, kwa mikono na nyuso. Hapo, kwa kweli, ndipo penye kiini cha habari hii. Kiziwi aliye peke yake kijijini hubuni ishara chache na mama yake au nduguze, na wakiisha wao zimekwisha nazo. Lakini viziwi wengi wakiishi pamoja, na wazee wakawarithisha watoto, ishara hukua zikawa lugha kamili, yenye ngano na mizaha yake.

Wanaosikia nao wakaingia darasani. Ottaviano Bon, balozi wa Venice mwanzoni mwa karne ya 17, aliandika kuwa Sultani aliweza kuzungumza kwa ishara jambo lolote alilotaka, sawasawa na anayetumia maneno. Rycaut naye anasema ilikuwa shida kumpata mtu wa kasri asiyeweza kujieleza hivyo. Tusidhani ni huruma iliyowasukuma. Kijana mwenye hamu ya cheo, atakayesimama mbele ya Sultani asiruhusiwe kusema, angefanya nini na mikono mizito? Mkubwa akishaitumia lugha, walio chini yake huijua upesi.

Hadhi hiyo ilikuwa na upande wa damu. Mwaka 1553 Sultani Suleiman alimwita mwanawe Mustafa hemani kwake, karibu na Ereğli, na humo mwana huyo akanyongwa. Waliotumwa kumnyonga walikuwa viziwi. Wasimulizi hupenda kueleza kwamba walichaguliwa kwa kuwa hawasikii kilio wala hawawezi kutoboa siri. Sababu ya pili haina mashiko. Siri gani ingefichika kwa mtu anayezungumza lugha inayoeleweka na nusu ya kasri? Yaelekea walichaguliwa kwa kuwa walikuwa karibu na bwana wao, naye akiwaamini.

Karne hiyohiyo, nchini Hispania, mtawa Pedro Ponce de León alikuwa akiwafundisha watoto viziwi wa mabwanyenye kutamka maneno katika monasteri ya Oña. Sifa zake zilikuwa kubwa, na alistahili. Ila mzigo wa kuelewana uliwekwa wote begani kwa mtoto: yeye ndiye aliyepaswa kuiga sauti asiyoisikia. Mzigo huo ulikuja kupigwa muhuri Milan mwaka 1880, mkutano wa walimu ulipoamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema, ishara ziwekwe kando. Wajumbe walikuwa 164. Kiziwi miongoni mwao alikuwa mmoja.

Istanbul ilipata shule yake ya viziwi mwaka 1889, enzi ya Sultani Abdülhamid II. Usultani ukafutwa mwaka 1922, na kazi za viziwi wa kasri zikaisha nao. Katika karne ya 20 shule za Uturuki zikafuata njia ya Milan, na wanafunzi wakawa wanafundishana ishara mabwenini na viwanjani, mwalimu akiwa hayupo. Mwaka 2005 ndipo sheria ya nchi ilipoagiza lugha ya alama iandaliwe kwa ajili ya elimu na mawasiliano ya viziwi.